Nguo ya Udongo

Msomaji, kama umepata kusimama katika ufuko wa Malindi wakati mvua za masika zinaposhika nguvu, umeona jambo ambalo mgeni hulistaajabia na mwenyeji amelizoea. Bahari, ambayo siku za kaskazi huwa ya samawati, hugeuka rangi ikawa nyekundu kama kutu. Wekundu huo haukuzaliwa baharini. Umeletwa na mto Sabaki, na mto nao umeutwaa katika mashamba na malisho ya watu. Kile kinachopigwapigwa na mawimbi miguuni pako ni udongo ambao jana ulikuwa shamba la mtu fulani, ambaye pengine hata sasa hajui kuwa amepoteza kitu.

Katika insha hii nataka tuutazame udongo huo kwa jicho la historia. Tumezoea kudhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini chini ya miguu ya wafalme ulikuwako udongo, na chakula cha askari wao kilitoka humo. Tutauliza swali moja tu: ni nani aliyeuvika udongo wa pwani yetu nguo, na ni nani aliyeuvua?

Yapasa kwanza tuufahamu mto wenyewe. Sabaki ni jina la mwisho la mto wenye majina mengi. Huanza katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukapita Ukambani ukiitwa Athi. Ukiisha kupokea maji ya mto Tsavo huitwa Galana. Na unapoikaribia bahari, kaskazini ya Malindi, huitwa Sabaki. Kwa hiyo shamba lililoko Machakos na mwamba ulioko Malindi ni majirani, ingawa wenyewe hawaonani. Atakalofanya mkulima wa juu, mvuvi wa chini atalijua.

Wazee wetu husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ya udongo ilipotea miaka mingi bila mtu kuiandika. Lakini bahari ilikuwa na karani wake. Katika maji ya Malindi yako matumbawe makubwa yaliyoishi kwa mamia ya miaka. Tumbawe hujijenga polepole, tabaka juu ya tabaka, mfano wa mti uongezavyo pete zake. Udongo wa mtoni unapoingia katika maji ya chumvi huachilia madini yaitwayo bariamu, na tumbawe huyatia kidogo katika tabaka la mwaka ule. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya kulisoma daftari hilo kwa muda wa miaka 300. Waliona kwamba tangu 1700 hata 1900 udongo ulioletwa na Sabaki haukubadilika sana. Tangu 1900 hivi, hesabu ilianza kupanda, na ikaendelea kupanda.

Basi yapo maisha kabla ya mwaka huo na maisha baada yake. Ili tuelewe tofauti, hebu tujifunze udongo unavyoondoka na unavyokaa.

Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Likiangukia udongo ulio uchi, hulipasua bonge dogo la udongo, likarusha chembe zake huku na huku. Chembe hizo huziba vitundu ambamo maji yangepenyea. Maji yakikosa njia ya kushuka hutafuta njia ya kwenda, nayo huenda mtoni pamoja na udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Mvua ikikoma, jua huchukua zamu: huuchoma udongo ule ule, hukausha unyevu, na kuua viumbe wadogo waishio ndani yake. Lakini tone lile lile likiangukia jani, nguvu zake huvunjika. Hutiririka polepole hata ardhini, na hukuta vitundu vilivyotobolewa na mizizi na minyoo. Jani hilo nalo likianguka huoza, likawa mboji. Na mboji ndiyo ishikayo maji na kuuunga udongo usitawanyike.

Ukitaka kuona nguo kamili ya udongo, tazama misitu ya kaya ya Wamijikenda, ambayo mwaka 2008 baadhi yake iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa karne nyingi desturi zilikataza kukata mti au kuokota kuni humo ovyo. Wazee waliilinda kaya kwa sababu ya heshima ya wahenga wao. Hata hivyo, heshima hiyo ilizaa tunda la pili: chini ya miti ile majani yalianguka na kuoza bila kusumbuliwa, na ardhi haikuonja jua wala kipigo cha mvua.

Lakini mtu hali msitu. Yampasa kulima, na kulima ni kuvua. Ndipo ulipotokea ufundi wa mkulima wa pwani. Katikati ya mahindi, mtama au muhogo alipanda kunde, na mahali pengine pojo au mbaazi. Kunde ni zao la Afrika tangu kale. Hutambaa, hutandaza majani yake mapana katika nafasi iliyobaki wazi, huyanyima magugu mwanga, na kabla ya kutoa mbegu humpa mwenyewe mboga. Tena shamba lililochoka liliachwa likapumzika miaka kadhaa, likavaa vichaka, kisha likarudiwa. Mkulima huyo hakuwa na kitabu cha kumwambia sababu. Alijua tu kuwa mahali palipokaa kunde mahindi ya mwaka ujao huwa na afya.

Jambo hili si la pwani yetu peke yake. Zaidi ya miaka 1900 iliyopita, Columella, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya kilimo, aliwashauri wenye mizabibu iliyodhoofika wapande jamii fulani ya maharagwe na kuifukia katika udongo ili ardhi inenepe. Mizabibu, kama ujuavyo, hupandwa kwa safu zilizoachana, na kati ya safu hubaki njia tupu ambayo mvua huishambulia. Hata leo wakulima wengi wa mizabibu huko Ulaya na kwingineko hupanda katika njia hizo majani, nafaka au mimea ya jamii ya kunde. Sisi katika Kilifi twaweza kuwaelewa kwa urahisi. Hatuna mashamba ya mizabibu, lakini tunayo minazi na mikorosho iliyoachana, na mikonge ya Vipingo iliyosimama kwa safu kama askari. Swali la njia tupu ni letu pia.

Sababu ya ubora wa kunde na ndugu zake ilijulikana mwishoni mwa karne ya 19. Kati ya 1886 na 1888 wataalamu wawili wa Kijerumani, Hellriegel na Wilfarth, walionyesha kuwa katika vifundo vidogo vya mizizi ya mimea hiyo huishi bakteria, nao huitwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ng'oa mkunde mmoja taratibu, utaviona vifundo hivyo kwa macho yako. Ukikipasua kimoja ukakuta ndani yake wekundu, basi kiwanda kinafanya kazi. Ni kiwanda kisicho na moshi wala ada, na babu zetu walikiajiri kabla hakijapewa jina.

Sasa na turudi Malindi. Vasco da Gama alipotia nanga hapo mwezi wa Aprili 1498, alikuta mji wenye neema, na Wareno waliomfuata waliusifu kwa matunda na nafaka zake. Baadaye mji ulififia hata ukawa magofu. Mwaka 1861, wakati wa Sultani Majid wa Unguja, ulianza kukaliwa upya. Na kwa muda mfupi mashamba ya mtama na ufuta yakaenea kandokando yake, na majahazi yakabeba nafaka hata Arabuni. Mwingereza W. W. A. Fitzgerald, aliyezuru mashamba hayo mwanzoni mwa miaka ya 1890, aliusifu sana udongo wake katika kitabu alichokitoa 1898.

Lakini usidanganywe na utajiri huo, msomaji. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Mtu aliyetekwa bara, akauzwa, akatiwa jembe mkononi, alilima pale alipoambiwa na kupalilia pale alipoamriwa. Mavuno yalikuwa ya mwingine, na kesho ya shamba ilikuwa ya mwingine. Wengi walitoroka, wakajenga vijiji vyao porini, wakalima kwa ajili ya watoto wao. Mwaka 1907 utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya, mashamba makubwa yaliyokwisha kudhoofika yaliporomoka. Udongo wa Malindi ulikuwa bado mzuri. Mfumo ndio uliokuwa mbovu. Napenda ulishike neno hili, kwa kuwa tutalikuta tena: anayenyimwa kesho hana sababu ya kuitunza ardhi ya kesho.

Katika miaka hiyo Wagiriama walikuwa wamevuka Sabaki, wakalima ng'ambo ya kaskazini na kuuza mahindi yao kwa wafanya biashara wa pwani. Walikuwa wakulima huru wenye akiba. Lakini serikali ya Kiingereza ilitaka vibarua wa mashamba makubwa, na mtu mwenye ghala lililojaa haendi kutafuta kibarua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaamsha watu wake kwa kiapo wakatae. Alikamatwa akapelekwa mbali, hata Kisii, naye akatoroka akarudi kwa miguu. Mwezi wa Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na wakulima wa ng'ambo ya mto wakafukuzwa katika mashamba yao. Baada ya miaka michache waliruhusiwa kurudi, lakini njaa na umaskini vilikwisha kuingia.

Kabla ya hapo, mwaka 1908, ilikuwa imetungwa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Wenye kuweza kuthibitisha umiliki wa mtu binafsi kwa maandishi walipewa hati. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya desturi, hawakupata. Hivyo walitokea wakulima waliozaliwa mahali, wakalima mahali, na bado wakaitwa maskwota. Katika mashamba mengi mwenye hati hakumpa skwota ruhusa ya kupanda mti wa kudumu, kwa maana mnazi au mwembe ungekuwa dai la ardhi. Alipanda cha msimu, akavuna, akangoja kama atafukuzwa. Ni nani katika hali hiyo angeliacha shamba lipumzike? Akiliacha, atalikuta limechukuliwa. Hivyo ule mkono wa zamani uliojua kuupumzisha udongo ukafungwa, si kwa ujinga, bali kwa sheria.

Huko juu ya mto mambo yalifanana. Wakamba walibanwa katika eneo dogo kuliko lile walilolitumia zamani. Malisho yakaliwa hata mizizi, na makorongo yakafunguka. Serikali iliuona mmomonyoko, na dawa yake ilikuwa amri: ng'ombe wauzwe kwa lazima. Mwaka 1938 maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kumwona Gavana. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini uuzaji ule wa lazima ulikomeshwa. Baadaye wakulima wa Machakos waliokuwa na uhakika wa ardhi na wa soko walichimba matuta kwa mikono yao, wakapanda miti, na kitabu cha utafiti kilichotoka mwaka 1994 kilionyesha kuwa huko watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua. Machakos ni sehemu tu ya bonde la mto huu, wala mto haukutakata. Hata hivyo tumepata somo: udongo ule ule uliokataa kuponywa kwa amri ulipona kwa hiari.

Je, uhuru ulileta dawa? Tazama Magarini, kaskazini ya Sabaki. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilianzisha huko mradi mkubwa wa kuwapa watu mashamba, na Australia ikatoa msaada. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa wengi hawakuwa na hati. Lakini pori lilisafishwa kwa mitambo mikubwa, na mpango wa kilimo ukaletwa umekwisha kukatwa na kushonwa na watu wa mbali. Ardhi ya huko hupata mvua chache zisizo na uhakika. Mazao hayakufikia yaliyotumainiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Waaustralia waliondoka. Kitabu kilichoandikwa kuhusu mradi huo mwaka 1991 kimekuwa fundisho kwa wapangaji wa maendeleo duniani kote. Nguo aliyoshonewa mtu asiyepimwa haimkai.

Tusimalize, hata hivyo, kwa masikitiko. Huko Mtwapa, kusini ya Kilifi, kiko kituo cha utafiti wa kilimo. Katika miaka ya 1990 watafiti wake, pamoja na wenzao wa sehemu nyingine za Kenya, walijaribu mimea ya kufunika udongo kati ya mistari ya mahindi. Mmoja wa mimea hiyo ni mukuna. Utacheka ukijua kuwa mukuna ni ndugu wa upupu, ule ule uliokuwasha mwili ulipopita kichakani. Ila wa shambani hauwashi. Hutanda upesi kama blanketi, hukaba magugu, na ukifukiwa huuachia udongo naitrojeni nyingi kwa mahindi yatakayofuata. Fiwi nayo ilijaribiwa, na ina sifa ya kuvumilia ukame.

Lakini ni haki nikuambie na upande wa pili. Mmea wa kufunika ni mgeni anywaye maji ya kisima kile kile. Mukuna ukipandwa mapema mno huparamia mahindi na kuyaangusha; kwa hiyo hungojwa mahindi yatangulie kukua. Vuli ikiwa haba, zao na nguo yake huweza kugombea unyevu. Wenye mizabibu katika nchi kavu wanalijua jambo hilo: hufyeka majani ya kati ya safu kabla kiangazi hakijakaza, wakayaacha yalale juu ya udongo kama matandazo. Zaidi ya hayo, mbegu za mukuna hazifai kuliwa kama maharagwe ya kawaida, kwa kuwa zina dawa iwezayo kumdhuru mlaji. Ndiyo maana mkulima mwenye ekari mbili na watoto sita huitazama kunde kwa upendo zaidi: kunde huuvisha udongo na humlisha mtoto siku ile ile. Mtaalamu mwenye busara hamwulizi mkulima huyo kwa nini hafuati ushauri. Humwuliza atakula nini wakati akiufuata.

Sasa turudi ufukoni tulipoanzia. Wekundu wa maji unaweza kuusoma. Ndani yake yamo majani yaliyoliwa na ng'ombe waliobanwa, yamo mashamba yasiyopumzika kwa kuwa mwenyewe hana hati, yamo mapori yaliyofyekwa na mitambo, na zimo njia tupu kati ya mistari ambazo mtu angeweza kuzipandia kunde lakini hakupanda. Baadhi ya makosa hayo yalikuwa ya watawala, na baadhi ni yetu. Historia haitutaki tuyachanganye: mkulima asilaumiwe kwa kosa la sheria, wala sheria isiwe kisingizio cha mvivu.

Nakuomba, msomaji, ufanye jambo moja. Mvua ijayo ikinyesha, chukua bilauri mbili. Kinga katika moja maji yatokayo penye ardhi tupu, na katika ya pili maji yatokayo penye majani au kunde. Ziweke dirishani zitulie hata asubuhi, kisha tazama tope lililotulia chini ya kila moja. Siku ile utakuwa umesoma daftari lile lile ambalo tumbawe la Malindi limeliandika kwa miaka 300. Tumbawe haliwezi kubadili linaloliandika. Wewe waweza, kwa kuwa karatasi ya kesho bado iko mkononi mwako, na usipoziba ufa utajenga ukuta.